Nimeuziwa kompyuta iliyotumika kwa jina la "mpya" Kariakoo. Je, tangazo la "hairudishwi" linanifunga?

Mkazi wa Segerea

Habari za leo, ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye uelewa wa sheria na wa wale wanaoifahamu kwa undani biashara ya vifaa vya elektroniki hapa Dar es Salaam.

Kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara wadogo hesabu zao, na kompyuta yangu ya zamani ilikuwa imeshachoka. Wiki mbili zilizopita niliona tangazo la duka moja la Kariakoo mtandaoni, nikawaandikia kwa WhatsApp kuulizia kompyuta mpakato waliyokuwa wameitangaza. Niliuliza waziwazi kama ni mpya au ni ya mtumba, nikajibiwa: "Mpya kabisa dada, ya boksi, na waranti ya mwaka mmoja." Ijumaa iliyofuata nikaenda. Karibu na makutano ya mitaa ya Msimbazi na Aggrey nilipokelewa na kijana aliyejitambulisha kuwa ametumwa na duka hilo, akanipandisha ghorofani, na muuzaji akatoa boksi lililofungwa kwa nailoni, akaniambia kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza kuiwasha mashine hiyo. Nililipa shilingi 1,350,000 kwa Lipa Namba ya duka.

Jumapili nilishangaa kuona chaji inaisha baada ya saa moja na dakika chache. Mdogo wangu, ambaye anasoma mambo ya kompyuta, alitoa ripoti ya betri, nayo ikaonyesha kwamba betri imeshachajiwa mizunguko 412 na kwamba uwezo wake umeshuka kutoka 51,000 hadi 33,000 hivi kwa kipimo kilichoandikwa humo. Aliangalia pia kumbukumbu ya diski, akakuta imefanya kazi kwa zaidi ya saa 6,800. Jumatatu nilirudi dukani na karatasi hizo. Muuzaji hakuzikanusha wala hakuzikubali, bali alininyooshea kidole ukutani palipobandikwa tangazo lisemalo "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi", kisha akasema kwamba kwa kuwa mimi ni mteja mzuri yuko tayari kunibadilishia nyingine endapo nitaongeza shilingi 200,000.

Naomba kujua mambo matatu: tangazo hilo la ukutani lina nguvu gani, nianzie wapi kudai haki yangu, na je, nikubali kubadilishiwa?

Fundi wa Makumbusho

Pole sana, dada. Nitaacha mambo ya sheria kwa wenyewe, nizungumzie ushahidi wako, maana nimeshuhudia madai ya watu wengi yakifia hapo.

Ripoti ya betri peke yake haitoshi. Kompyuta mpya kabisa inaweza kuonyesha mzunguko mmoja au miwili kwa sababu ya majaribio ya kiwandani, na hilo si ajabu, lakini 412 si majaribio. Hata hivyo muuzaji anaweza kudai kwamba betri ndiyo iliyobadilishwa na kwamba mashine yenyewe ni mpya, au akasema kwamba hiyo ni stoku ya zamani iliyokaa ghalani. Ndiyo maana zile saa za diski zina uzito mkubwa zaidi. Chukua hizo 6,800 uzigawanye kwa saa nane za siku ya kazi, utapata siku 850, na ukikumbuka kwamba mwaka mmoja una siku za kazi zipatazo 260, unazungumzia mashine iliyokaa mezani kwa mtu zaidi ya miaka mitatu. Mashine iliyolala ghalani haihesabu saa.

Jambo la tatu la kutazama ni namba ya seriali. Ipo iliyobandikwa au kuchongwa chini ya mashine, ipo iliyohifadhiwa ndani ya mashine yenyewe, na ipo iliyochapwa kwenye boksi. Zilinganishe zote tatu. Baada ya hapo ingia kwenye tovuti rasmi ya mtengenezaji, sehemu ya kuhakiki waranti, uandike namba ile ya ndani. Kampuni kubwa kama Dell, HP na Lenovo huonyesha hali ya waranti ya mashine husika, na mara nyingi utaona ilianza lini na inaisha lini. Ikiwa waranti ilianza miaka mitatu iliyopita na kwisha, halafu saa za diski nazo zinaelekea huko huko, hadithi ya ghala inakosa pa kusimama. Ningekuwa mimi, ningekihesabu kipengele hiki kuwa bora kuliko vingine vyote, kwa sababu kinatoka kwa mtengenezaji, wala hakitoki kwako au kwa mdogo wako.

Nailoni isikutie imani hata kidogo. Kifaa cha kupulizia hewa ya moto na karatasi ya nailoni vinapatikana kwa bei ndogo, na mtu mwenye mazoezi hulifunga boksi likarudi kama lilivyotoka kiwandani. Mashine nyingi za namna hii ni za maofisi ya nje, ni nzima na zina miaka kadhaa mbele yake, husafishwa, hubadilishwa kava na vibonyezo, zikatiwa kwenye boksi jingine. Binafsi nawashauri wateja wangu wazinunue, ila kwa bei yake.

Nakuomba sana usiifungue mashine hiyo wala kumpa fundi yeyote aifungue, hata mimi. Ukiigusa kwa bisibisi tu, muuzaji atasema diski hiyo umeiweka wewe. Ripoti zitolewe tena mbele ya shahidi asiye ndugu yako, na ikiwezekana zitolewe dukani kwake, juu ya meza yake, huku tarehe na seriali vikionekana kwenye picha.

Nyuma ya Kaunta

Niliuza vifaa hivi Kariakoo kwa miaka sita kabla ya kuhamia shughuli nyingine, kwa hiyo mnisamehe nikisema mambo ambayo wenzangu wa zamani hawatayapenda.

Kwanza, yule kijana aliyekupokea ni winga. Winga hana mshahara wa duka, anaishi kwa cha juu, yaani tofauti iliyopo kati ya bei anayoitaka mwenye duka na bei utakayolipa wewe. Mara nyingi neno "mpya" hutamkwa kwanza na winga, na muuzaji akikaa kimya anajisikia hajadanganya. Kwako hali ni nafuu kwa sababu neno hilo limeandikwa na duka lenyewe kwenye simu yako. Usiufute ujumbe huo, na usitegemee picha yake tu. Itunze simu yenyewe.

Pili, pendekezo la kuongeza 200,000 ni la kawaida mno na halina wema wowote ndani yake. Hiyo mashine nyingine nayo imetoka kwenye mzigo ule ule. Ukiongeza fedha utakuwa umenunua kwa hiari yako mara ya pili, baada ya kujua, na utakaporudi tena utaambiwa kwamba mara hii uliikagua.

Tatu, usiende Jumamosi wala saa nane mchana. Nenda asubuhi mapema, kabla duka halijachangamka, umtafute mwenye mali. Yule uliyezungumza naye ni kijana wa dukani ambaye akirudisha fedha atakatwa yeye, kwa hiyo atapambana nawe kama anayetetea mkate wake, na kwa kweli anautetea.

Wakili wa Ilala

Ndugu Mkazi wa Segerea, nitajibu maswali yako kwa mpangilio ninaoona una manufaa, nikianza na lile tangazo la ukutani, kwa kuwa watu wengi hukata tamaa pale wanapolisoma.

Kuuza kifaa kilichotumika si kosa nchini mwetu. Kilicho kosa ni kukiita kipya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, katika sehemu yake inayohusu mienendo ya kupotosha na kuhadaa, inamkataza mtu yeyote katika biashara kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na kudai kwa uongo kwamba bidhaa ni mpya kumetajwa humo waziwazi. Hilo ni katazo la sheria, halikutokana na mapatano yenu ninyi wawili, na hakuna karatasi ya ukutani inayoweza kuliondoa. Mfanyabiashara anaweza kuweka utaratibu wake kwa mteja aliyebadili mawazo, kwa mfano aliyechagua rangi kisha akaichoka, na hapo "hairudishwi" inaeleweka. Haiwezi kumkinga muuzaji dhidi ya uongo wake mwenyewe.

Ukiacha sheria hiyo, unazo njia mbili za zamani zaidi na zenye nguvu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, ni sharti la msingi kwamba bidhaa ilingane na maelezo hayo. Maelezo ya bidhaa yako yalikuwa "mpya kabisa, ya boksi". Ulipewa kitu kingine. Vilevile Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, vifungu vya 17 hadi 19, inashughulikia udanganyifu na maelezo yasiyo ya kweli, na athari yake ni kwamba mkataba ulioridhiwa kwa kuhadaiwa unaweza kubatilishwa kwa hiari ya aliyehadaiwa. Kifungu cha 19 kina kighairi kimoja ambacho muuzaji mjanja atakitumia, nacho kinamhusu mtu aliyekuwa na uwezo wa kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Atasema ulipewa nafasi ya kukagua. Jibu lake ni kwamba mizunguko ya betri na saa za diski si mambo ambayo mnunuzi wa kawaida huyaona kwa kuitazama mashine kwenye kaunta, na kwamba nailoni na boksi viliwekwa makusudi ili usiwe na sababu ya kuangalia zaidi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo naona linaweza kukugharimu kuliko tangazo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamhesabu mnunuzi kuwa ameipokea na kuikubali bidhaa ikiwa ameifanyia tendo lisilopatana na umiliki wa muuzaji, au ikiwa amekaa nayo kwa muda unaopita kiasi bila kumjulisha muuzaji kwamba anaikataa. Akishaikubali, kwa kawaida haki ya kuirudisha na kudai fedha zote huporomoka, hubaki kudai fidia tu. Kwa hiyo acha kuitumia leo hii. Usiweke kazi za wateja wako humo, usimwazime mtu, usibadilishe betri. Muuzaji aandikiwe barua fupi yenye tarehe, ikisema kwamba unaikataa bidhaa kwa sababu hailingani na maelezo, na kwamba unadai shilingi 1,350,000. Sheria haikulazimishi uibebe mashine hadi dukani. Inatosha umjulishe kwamba umeikataa. Ukiamua kuirudisha, usiiache hata dakika moja bila hati ya makabidhiano yenye namba ya seriali na saini, maana ukiiacha umeuacha ushahidi wako kwenye droo ya mdaiwa.

Ujumbe wa WhatsApp unakubalika mahakamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imelimaliza suala hilo, ingawa utatakiwa kuonyesha kwamba haukuchezewa, na ndiyo maana aliyetangulia kushauri utunze simu yenyewe yuko sahihi.

Kuhusu pa kuanzia: barua kwanza, ukitoa siku saba. Akinyamaza, peleka malalamiko ya maandishi Tume ya Ushindani, ukiambatisha ujumbe, uthibitisho wa malipo na ripoti za mashine. Unaweza pia kufungua shauri la madai katika Mahakama ya Mwanzo. Mahakama hiyo inaendeshwa kwa Kiswahili, na inasikiliza madai ya deni litokanalo na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa hiyo dai lako linaingia bila shida. Kila njia ina kazi yake. Tume inaangalia mwenendo wa mfanyabiashara sokoni kwa jumla, mahakama inaangalia fedha zako.

Umetaja malipo ya Lipa Namba lakini hukutaja risiti. Je, ulipewa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, na imeandikwa nini?

Mzee wa Temeke

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini naomba mtu mmoja aseme lile ambalo wengi wetu tunalifikiri. Nauli ya kutoka Segerea hadi mjini, siku za kazi zitakazopotea, kupiga chapa, kungoja tarehe za mahakama, vyote vina bei. Mwanangu mmoja alinunua simu kwa namna hii hii, akazunguka miezi mitano, na mwisho akaiuza kwa hasara ya laki mbili akaendelea na maisha yake. Je, si busara dada huyu akaongeza hiyo 200,000 akapata mashine bora zaidi, hasara ikaishia hapo?

Halafu kwa upande wa simu kuna ile huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kutuma IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090. Kwa nini kusiwe na kitu kama hicho kwa kompyuta?

Fundi wa Makumbusho

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la 15090 limewapotosha wengi, na sishangai mwanao akiwa mmoja wao. Unabonyeza *#06#, unapata namba, unaituma, na unajibiwa aina na toleo la simu ambayo namba hiyo ni yake. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya simu bandia, zile zilizozimwa Juni 2016, na kwa kazi hiyo unafaa sana, kwa sababu ukijibiwa jina la simu tofauti na unayoishika mkononi unajua kuna jambo. Lakini hauwezi kukuambia simu imepita mikono mingapi. Simu halisi iliyotumika miaka minne itajibiwa vizuri kabisa. Bandia ni jambo moja, mtumba ni jambo jingine, na wauzaji wanafurahi sana mteja anapovichanganya, kwa sababu ukimuuliza "Ni orijino?" atakuapia kwa Mungu kwamba ni orijino na atakuwa anasema kweli.

Kwa wenye iPhone kuna dokezo moja dogo. Ukifungua maelezo ya simu kwenye mipangilio utaona namba ya modeli, na herufi yake ya kwanza ina maana: M ni ya simu iliyouzwa ikiwa mpya, F ni ya iliyofanyiwa ukarabati na kuuzwa tena, N ni ya iliyotolewa na kampuni badala ya mbovu. Dokezo hilo nalo lina mpaka wake, kwa kuwa simu ya herufi M ikitumiwa miaka mitatu inabaki kuwa M.

Mkazi wa Segerea

Nawashukuru nyote. Mzee wangu, nimekuelewa, na kusema kweli usiku wa Jumatatu nilikaribia kufanya hivyo hivyo unavyosema. Nilichoshindwa kukimeza ni kuongeza fedha kwa mtu aliyenidanganya ili anipe kile alichokwisha kuniuzia.

Nimefuata ushauri wa fundi. Seriali ya ndani na ile ya chini ya mashine zinafanana, ila ya kwenye boksi ni tofauti kabisa, na kwenye tovuti ya mtengenezaji waranti inaonekana ilianza zaidi ya miaka mitatu iliyopita, na imeshakwisha.

Kuhusu risiti nina jambo la kukiri, nalo linaniumiza kwa sababu kazi yangu ni hesabu na kila siku nawahimiza wateja wangu kudai risiti kama tunavyoambiwa, "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti". Nilidai, nikapewa. Nilipoifungua nyumbani nikaona imeandikwa shilingi 450,000, na mbele ya bidhaa limeandikwa neno "vifaa" tu. Nilikuwa nimeitia kwenye pochi bila kuisoma. Sasa naogopa kwamba mahakamani ataonekana kuwa ndiye mkweli, na kwamba mimi nitaonekana nadai laki tisa hewa.

Nyuma ya Kaunta

Dada, hilo lisikutie aibu. Karatasi hiyo hukunjwa na kupachikwa ndani ya boksi wakati ule ule winga anakushika mkono kukupongeza. Pale kaunta hakuna anayeisoma, nasi tulikuwa tunajua hivyo.

Wakili wa Ilala

Risiti hiyo inamtisha yeye kuliko inavyokutisha wewe. Kiasi ulicholipa hakithibitishwi na risiti peke yake. Ulilipa kwa Lipa Namba ya duka, kwa hiyo zipo kumbukumbu za mtandao wa simu zinazoonyesha siku, saa, kiasi na jina la mpokeaji. Omba taarifa ya miamala yako iliyochapwa na kampuni ya simu, uiweke pamoja na risiti. Mtu akizitazama mbili hizo, zenye tarehe moja na zikiwa zimepishana kwa dakika chache, ataona wazi ni nani aliyeandika pungufu. Kutoa risiti ya kiasi kisicho cha kweli ni kosa chini ya sheria za kodi, na muuzaji anafahamu kwamba akiitoa karatasi hiyo mbele ya hakimu kama utetezi wake, atakuwa ametoa ushahidi dhidi yake kwa mamlaka ya mapato, TRA.

Nakuonya hata hivyo juu ya jambo moja. Usimwambie "nirudishie fedha, la sivyo nakwenda TRA". Kuuza ukimya wako kwa fedha kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshitakiwa. Dai fedha zako kwa sababu bidhaa haikulingana na maelezo. Kama unataka kuripoti risiti, ripoti, lakini isiwe sehemu ya bei.

Nimeulizwa kwa ujumbe wa faragha kwa nini sikutaja polisi. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na mtu ana haki ya kulipeleka kituoni. Uzoefu wangu ni kwamba mgogoro wa dukani ukifika kaunta ya polisi bila maandishi ya kutosha huambiwa ni madai, na wewe ukapoteza siku. Ukiwa na ujumbe ule, boksi lenye seriali ya mashine nyingine na taarifa ya mtengenezaji, hali inabadilika, kwa kuwa boksi halikujibadilisha lenyewe. Ningeliweka hilo akiba.

Kwa Mzee wa Temeke, hesabu yako ya gharama ni ya haki, na ndiyo maana nimependekeza barua kabla ya mahakama. Barua iliyoandikwa vizuri, ikataja sheria mbili na kuambatishwa karatasi nne, haigharimu hata shilingi 5,000, na mara nyingi mwenye mali akiisoma anapiga hesabu zake mwenyewe.

Mkazi wa Segerea

Narudi kuwapa taarifa, kwa kuwa nisingependa kuondoka kimya baada ya kusaidiwa kiasi hiki.

Barua niliipeleka Jumanne saa mbili asubuhi nikiwa na jirani yangu ambaye ni mwalimu mstaafu. Kijana wa dukani alikataa kuisaini nakala yangu, basi jirani akaandika pembeni kwamba ilikabidhiwa mbele yake saa fulani ikakataliwa kusainiwa, akaweka saini yake. Tulipiga picha. Siku ya nne nilipigiwa simu na mwenye duka mwenyewe, mtu mzima mwenye sauti ya upole, akanieleza kwamba hakuwepo siku ile na kwamba vijana "walichanganya mzigo". Alikuwa tayari kurudisha shilingi 1,200,000. Zile 150,000 zilizobaki, alisema, zilikwenda kwa winga, naye winga hayupo mjini.

Ningependa kusikia kauli ya Wakili kuhusu hilo kabla sijamjibu, kwa kuwa ameahidi kulipa kesho.

Wakili wa Ilala

Fedha zote ulizilipa kwenye namba ya duka, na duka ndilo lililokukabidhi mashine na kutoa risiti. Walichompa winga ni gharama yao ya kumtafuta mteja, haikuhusu. Pokea 1,200,000 ikiwa anazitoa, lakini soma kwa makini utakachopewa kusaini. Ikiandikwa "nimepokea malipo yote, sina dai lingine", usisaini. Iandikwe kwamba ni sehemu ya marejesho ya shilingi 1,350,000, na itajwe tarehe ya kumalizia salio. Mashine uikabidhi siku hiyo hiyo kwa hati yenye seriali zote mbili, ile ya ndani na ile ya boksi, na boksi lenyewe lipigwe picha kabla halijaondoka mikononi mwako.

Nyuma ya Kaunta

Winga yupo mjini, dada.

Mkazi wa Segerea

Nimetoka huko sasa hivi. Aliandika "malipo yote", nikamrudishia karatasi, akaandika upya. Nimepokea 1,200,000 kwenye simu, salio la 150,000 limepangiwa tarehe 15, na seriali zote mbili zimo kwenye hati. Wakati nasubiri wapige muhuri, kijana wa kaunta aliichukua mashine ile, akaipangusa, akairudisha ndani ya boksi lile lile.